Goti la mtu mwenye viungo laini likivunjika: la kufanya kuanzia shambani hadi siku ya kuacha magongo

Niliteleza juu ya bibo bovu katika shamba la mjomba wangu, Tandahimba, mwezi wa kumi na moja, ndoo ya korosho ikiwa mkononi. Mguu wa kushoto ulibaki umekita, mwili ukageuka, nikaisikia pia ya goti, ule mfupa wa duara ulio mbele ya goti, ikihama kwenda upande wa nje, kisha ikarudi yenyewe. Sikushtuka. Pia hiyo imekuwa ikitoka tangu nikiwa darasa la tatu, na nimezoea kukaa chini, kunyoosha mguu, kusubiri kidogo na kuendelea na kazi. Kijana tuliyekuwa tukiokota naye akauliza, "Vipi njomba, limetoka tena?" Nikamjibu limesharudi.

Siku ile kipande cha mfupa pamoja na gegedu lake kilikuwa kimemeguka ndani ya goti. Nilikuja kukijua siku ya kumi na mbili.

Katikati ya siku hizo nilifika mahali pa kwanza pa kutibiwa. Nikaambiwa goti linakunjika vizuri, basi ni mshtuko tu, nikapewa dawa ya maumivu. Mhudumu hakuniuliza kuhusu viungo vyangu, nami sikumwambia kwamba ni laini, yaani vinapinda kupita kawaida. Hilo la kusema ndilo ninalotaka likukae kichwani kuliko mengine yote hapa chini. Goti letu limezoea kutoka na kurudi, na mazoea hayo yanatuficha ukweli siku mfupa unapovunjika kweli.

Hatua ya 1: Jijue kabla hujaanguka

Kuna kipimo cha pointi 9 kinachotumika duniani kote, kinaitwa kipimo cha Beighton. Peter Beighton na wenzake walikichapisha mwaka 1973 baada ya kuwapima Watswana wa vijijini huko Afrika Kusini, kwa hiyo ni kipimo kilichopata umbo lake kwa watu wa bara letu. Unaweza kukifanya barazani kwako bila kifaa chochote.

Weka kiganja mezani, kisha inua kidole cha mwisho kwenda nyuma. Kikifika kusimama wima, yaani nyuzi 90, hiyo ni pointi moja kwa kila mkono. Kunja kidole gumba kuelekea ndani ya mkono. Kikigusa mkono chini ya kiganja, pointi moja kwa kila upande. Nyoosha kiwiko. Kikipita mstari ulionyooka kwa zaidi ya nyuzi 10, pointi moja kila upande. Magoti ni vilevile: simama, na mtu akutazame kwa ubavuni kama goti linarudi nyuma kama upinde. Mwisho, inama bila kukunja magoti. Viganja vikilala sakafuni, ongeza pointi moja.

Mtu mzima mwenye 5 au zaidi anahesabiwa kuwa na viungo laini. Kwa aliyepita miaka 50 zinatosha 4, na kwa mtoto ambaye hajabalehe zinahitajika 6. Goti lililoumia usilipime. Kumbuka tu lilivyokuwa zamani, au tazama lile zima.

Ulaini huu peke yake si ugonjwa. Watoto wengi wanao na hupungua wakikua, na wako wacheza ngoma wanaonufaika nao maisha yao yote. Wala haumaanishi kwamba mifupa yako ni dhaifu. Ila kwa baadhi ya watu unakuja pamoja na tatizo la kurithi la tishu zinazoshika mwili, kama Ehlers-Danlos, ambalo tangu mwaka 2017 limegawanywa katika aina 13. Dalili za kukufanya umwone daktari ni ngozi inayovutika sana na kuacha makovu mapana, kuteguka viungo mara kwa mara, na ndugu wa damu wenye hali hiyohiyo. Mtoto mwenye viungo laini anayevunjika mifupa kwa vitu vidogo, hasa kama weupe wa macho yake unaelekea ubuluu, huyo apelekwe bila kuchelewa, maana kuna ugonjwa wa mifupa miepesi unaojitokeza hivyo.

Hatua ya 2: Dakika za kwanza, ukiwa bado chini

Usisimame kujaribu. Najua hamu ya kujaribu inavyokuja, hasa watu wakiwa wamekuzunguka. Kaa. Mtu mmoja aushike mguu jinsi ulivyo, wala asiuvute.

Kama pia imebaki upande wa nje na goti limekunjika, mwache mhudumu airudishe. Kama imerudi yenyewe, shukuru, lakini usihesabu kwamba mambo yamekwisha. Pia ikiteleza hugonga ukingo wa nje wa mfupa wa paja, na katika kwenda au kurudi kipande kinaweza kumeguka. Kwa watu wa aina yetu mara nyingi hutoka na kurudi bila kuharibu kitu kikubwa, kwa sababu kano zetu huachia kirahisi. Kwa hiyo ile mara moja inayovunja hupita katikati ya zile nyingi ambazo hazikuvunja.

Njia ya pili ya kuvunjika ni goti kusukumwa nyuma kuliko kawaida, mfano umeruka mtaro ukatua mguu ukiwa umenyooka, au bodaboda imekugonga kwa mbele. Hapo ukingo wa juu wa mfupa wa muundi hugongana na mfupa wa paja na kupasuka. Kwa mtoto, hasa wa miaka 8 hadi 14, akianguka na baiskeli, kano ya ndani ya goti huweza kung'oa kipande cha mfupa inaposhikilia badala ya kukatika yenyewe.

Baada ya hapo, tafuta ubaridi. Nilipokuwa naumwa, shangazi alinunua barafu za ukwaju kwa watoto wa jirani, akazifunga sita ndani ya kanga na kuzizungusha gotini, na zilifanya kazi sawasawa. Ukiwa karibu na soko la samaki, barafu ya wavuvi inafaa zaidi. Dakika 15 hadi 20, kitambaa kiwe kati ya barafu na ngozi, kisha pumzisha. Ngozi ya baadhi yetu huchubuka upesi, kwa hiyo barafu tupu isiguse kabisa.

Hapa kuna jambo ninalolisema kwa heshima. Bibi yangu alipoliona goti alisema, "Mjukuu wangu, huo ni mshipa umekaa vibaya, lete maji ya moto nikukande." Nikamwambia, "Bibi, tusubiri picha kwanza, ukweli ukionekana utanikanda." Alikubali, ingawa shingo upande. Kukanda goti lenye mfupa uliovunjika husogeza vipande, huongeza damu ndani, na wakati mwingine husababisha mfupa kuota ndani ya msuli. Fundi wa kuunga mifupa naye aambiwe hivyohivyo. Mwenye viungo laini anamdanganya fundi yeyote kwa mikono, kwa sababu goti lake huchezacheza hata likiwa zima.

Hatua ya 3: Je, ni la hospitali?

Miaka ya 1990 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitunga kanuni rahisi ya kuamua nani apigwe picha ya goti. Piga picha kama mtu ana miaka 55 au zaidi. Kama anaumia akibonyezwa kwenye pia peke yake. Kama anaumia kwenye kichwa cha ule mfupa mwembamba ulioko nje chini ya goti. Kama hawezi kukunja goti kufikia nyuzi 90. Au kama hawezi kupiga hatua nne, tangu alipoumia hadi anapopimwa. Moja tu ikitimia, inatosha.

Hilo la nyuzi 90 ndilo lililoniangusha. Goti langu hukunjika mno, na siku ile lilifika 90 likiwa limevunjika. Kwa maoni yangu, mwenye viungo laini alinganishe goti na mwenzake. Likiwa limepungukiwa sana kuliko lile zima, hata kama limefika 90, libebe upeleke.

Halafu tazama saa. Goti lililovimba ndani ya saa mbili hivi baada ya ajali, likajaa na kukaza kama embe bichi, lina damu ndani, na damu ndani ya goti maana yake kuna kitu kimekatika au kimevunjika. Uvimbe unaokuja kesho yake polepole unatisha kidogo kuliko huo. Langu lilijaa kabla hatujafika nyumbani kutoka shambani. Nililiona, nikanyamaza.

Dalili za kukimbia bila kungoja kesho: mfupa umetokeza au kuna jeraha juu ya goti, mguu umepinda, wayo umekuwa wa baridi, umepauka au umekufa ganzi, maumivu ya shavu la mguu yanayozidi kila ukichezesha vidole. Weka vidole viwili juu ya mguu, kati ya kifundo na vidole, utafute mapigo, kisha linganisha na mguu mwingine. Nyuma ya goti unapita mshipa mkuu wa damu wa mguu. Goti zima, si pia tu, likiwa limeteguka, mshipa huo unaweza kuchanika hata kama goti limesharudi mahali pake na linaonekana zuri. Mguu uliokatiwa damu una takribani saa sita tu kabla ya kuharibika. Kutoka vijijini Newala au Nachingwea, saa sita hazitoshi kukaa kikao cha ukoo.

Hatua ya 4: Kumfunga na kumsafirisha

Viringisha kitenge uweke chini ya goti ili likae limekunjika kidogo. Goti letu likiachwa bila kitu chini yake hulala kwa kurudi nyuma, na huko nyuma ndiko kunakoumiza. Kisha chukua boksi gumu, au mianzi miwili iliyozungushiwa kanga, funga juu ya goti pajani na chini ya goti muundini. Juu ya goti lenyewe usifunge. Kidole kiweze kupita chini ya kila fundo.

Asipande bodaboda. Bajaji inafaa akikaa kiubavu, mguu umelala juu ya kiti chote. Mpaka mhudumu aseme, asile, kwa sababu huenda akahitaji kulazwa usingizi.

Wapi? Zahanati nyingi hazina mashine ya eksirei, hivyo kwenda huko ni kwa ajili ya kufungwa vizuri na kupata barua ya rufaa. Mtwara mjini kuna Ligula, na Mitengo kuna hospitali ya rufaa ya kanda ya kusini. Lindi mjini kuna Sokoine. Watu wa Masasi wana Mkomaindo, na Ndanda haiko mbali. Wa upande wa Mtama wana Nyangao. Piga simu kwanza kwa mtu unayemfahamu huko uulize kama mashine inafanya kazi siku hiyo. Simu moja inaweza kukuepusha na safari mbili.

Hatua ya 5: Sentensi za kumwambia mhudumu

Ziseme kabla hajaligusa goti, na kama una maumivu makali mwandikie ndugu azisome:

"Daktari, viungo vyangu ni laini tangu utoto, goti langu zima linarudi nyuma. Pia iliwahi kutoka mara kadhaa. Safari hii ilitoka saa fulani, na uvimbe ulijaa baada ya muda fulani. Kukunja kwangu goti kusikufanye uamini kuwa ni zima."

Ongeza mengine mawili kama yanakuhusu. Baadhi ya wenye Ehlers-Danlos sindano ya ganzi huwashika kidogo au huisha mapema. Na ngozi yao hushonwa kwa uangalifu, nyuzi zikaachwa muda mrefu zaidi, na plasta za kubandika zikatolewa taratibu.

Kisha picha. Ya mbele na ya ubavuni hupigwa karibu kila mahali. Uliza kwa adabu kama inawezekana kupata ya tatu, ile ya pia inayopigwa goti likiwa limekunjwa, mionzi ikipita kati ya pia na paja. Vipande vinavyomeguka kutoka kwenye pia hujificha kwenye picha mbili za kwanza. Kama kulikunja goti kunauma kupita kiasi, mtu asilazimishe.

Huenda goti likanyonywa kwa sindano ili kupunguza shinikizo. Omba kuona kilichotoka. Langu liliponyonywa siku ya kumi na mbili, mhudumu aliimimina damu kwenye bakuli la chuma, akaisogeza dirishani kwenye mwanga. Juu yake vilielea viduara vidogo vinavyong'aa, kama mafuta juu ya mchuzi wa samaki. Akaniambia, "Haya ni mafuta ya uboho. Mfupa umevunjika, hata kama picha haijaonyesha." Mpaka leo nikiona mchuzi unapoa nayakumbuka mafuta yale.

Picha zikiwa safi lakini goti limejaa damu, usikubali habari iishie hapo. Uliza kuhusu rufaa ya kupata picha za CT au MRI, zinazoonyesha zaidi ya eksirei, hata kama ni kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, au angalau eksirei irudiwe baada ya siku 7 hadi 14. Kipande kikubwa kikipatikana mapema huweza kurudishwa na kukazwa mahali pake. Changu kilikuwa kimekaa mno, kikatolewa tu.

Hatua ya 6: Wakati wa kufungwa hogo

Hapa simama imara. Nilipofungwa hogo la nyuma, yaani plasta ngumu iliyowekwa upande wa nyuma wa mguu, kusubiri safari, mto uliwekwa chini ya kisigino, na chini ya goti hapakuwa na kitu. Goti likadidimia polepole kuelekea kitandani, chokaa ikiwa bado mbichi, na hogo likakauka hivyo. Usiku nilihisi kama mtu amekalia goti langu. Asubuhi lilikatwa likafungwa upya. Kwa mtu mwenye viungo vya kawaida mto ule ungekuwa hauna neno. Wewe omba mkono wa mtu au kitambaa kilichoviringishwa kiwe chini ya goti mpaka hogo ligande, isipokuwa daktari ametoa maelekezo mengine kwa aina ya mvunjiko wako.

Saa 48 za kwanza lala mguu ukiwa juu kuliko moyo. Vidole viwe na joto, vichezeke. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au vidole vikifa ganzi, rudi usiku huohuo hogo lipasuliwe. Hilo si la kusubiri mwanga. Siku yoyote baadaye, shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, nenda hospitali, kwa sababu damu huganda miguuni kwa mtu asiyetembea.

Hatua ya 7: Kuishi na magongo

Magongo yetu mengi huchongwa na seremala, na ni mazuri, ila yapimwe kwako. Kati ya kwapa na gongo kubaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Uzito ubebwe na mikono, wala si kwapa. Viwiko vikunjike kidogo, usivifunge kwa kuvinyoosha kabisa, la sivyo utapona goti uanze kuuguza viwiko na mabega. Zungushia kitambaa kinene mahali pa kushika. Chini pawekwe mpira wa tairi uliokatwa kwa upana, maana kwenye mchanga wa Mikindani gongo jembamba linazama na kukuangusha.

Choo cha shimo kinahitaji kiti. Tulichukua kiti cha plastiki, tukakikata tundu, tukakiweka juu ya shimo, na shangazi akakifunga kamba ukutani kisiteleze. Ukiswali, swali ukiwa umeketi. Kwenye mkeka usikae kwa muda huu, kwa sababu tabu iko kwenye kuinuka.

Ni muda gani? Pia iliyopasuka bila kuachana hukaa wiki 4 hadi 6 imefungwa. Uso wa juu wa mfupa wa muundi ukivunjika, mara nyingi mguu haukanyagi kwa wiki 6 hadi 12. Daktari wako ndiye mwenye kauli ya mwisho. Kula dagaa na kisamvu, ota jua la asubuhi, acha sigara, maana huchelewesha mfupa kushika.

Hatua ya 8: Kurudisha nguvu

Hata ndani ya hogo chezesha kifundo juu na chini mara kumi kila saa, na kama umeruhusiwa, kaza msuli wa mbele wa paja kwa kuhesabu hadi tano kisha achia. Hogo likitoka paja litakuwa limenywea. Langu lilikonda hata suruali ikapwaya upande mmoja.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo naye aambiwe ile sentensi ya viungo laini. Wengi huandaliwa kupambana na goti lililokakamaa, na letu pia huweza kukakamaa baada ya kuvunjika, lakini shida yetu kubwa ni kukosa breki. Usivutwe viungo ili vilainike zaidi. Kazi yako ni nguvu na mizani: kuinua mguu ulionyooka bila goti kurudi nyuma, kuinuka kitini bila mikono, kupanda ngazi moja na kushuka, kusimama mguu mmoja karibu na ukuta. Mbele ya kioo jifunze kusimama goti likiwa limelegea kidogo tu, lisifungwe nyuma. Mwezi wa kwanza nilikuwa nalisahau kila nilipopanga foleni. Nikamwomba mke wangu anigonge begani kila akiona goti limerudi nyuma, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii.

Shambani nilirudi baada ya miezi sita, na kwanza niliomba mabibo yazolewe chini ya mkorosho kabla ya kuokota korosho. Ukiitwa kliniki nenda na picha zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Masika ya kwetu huingia hata kwenye sanduku, na picha iliyolowa daktari hawezi kuilinganisha na nyingine.